Tupeane uzoefu: Kijana wa mji mdogo Marekani afanyeje ili makocha wa futiboli wa vyuo wamfikie?

Njia_ya_Mbugani (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Familia zetu nyingi ziko Abilene, Twin Falls, Missoula, Bowling Green na miji midogo ya jirani, na vijana wameshaingia kwenye futiboli ya Kimarekani. Kila mwaka lawama ni ileile: mtoto anaweza, ila hakuna kocha wa chuo aliyekuja. Naomba tuweke hapa yanayosaidia: hatua, vipimo, tarehe, na mahali mambo yanapoharibikia. Mabao ya watoto wetu tuyaache kwa leo.

Naanza na chanzo chenyewe. Kila kocha msaidizi wa chuo hupewa eneo lake la kutafuta wachezaji. Akiwa Houston au Dallas, siku moja inamtosha kuzungukia shule kadhaa. Akiwa magharibi mwa Nebraska au kaskazini kabisa mwa Texas, anaendesha saa tatu kwenda kumwona kijana mmoja. Hafungi safari hiyo kwa tetesi. Anaifunga akiwa tayari na vitu vitatu mkononi: video, vipimo visivyo na shaka, na matokeo ya darasani. Kazi ya familia na kocha wa shule ni kumfikishia vitu hivyo kabla hajawasha gari.

Klipu_Tano

Video ndiyo inayofungua mlango, kwa hiyo nitairefusha kidogo. Shule nyingi hupandisha mechi zao Hudl, kampuni iliyoanzia Lincoln, Nebraska, mwaka 2006. Kijana anakata klipu zake humohumo na kupata kiungo kimoja cha kutuma.

Dakika 3 hadi 4 zinatosha, klipu kama 20 au 25. Tano za mwanzo ziwe bora kuliko zote, hata kama ni za mechi tofauti na hazifuati tarehe. Kocha ana rundo la video usiku huo na ndani ya nusu dakika ameshaamua aendelee au afunge. Kabla ya kila klipu simamisha picha sekunde moja na umzungushie kijana duara, maana uwanjani kuna watu 22 na kocha hatamtafuta. Muziki hauna kazi. Mwendo wa polepole nao unamficha kasi yake, ambayo ndiyo kocha anaitafuta. Picha ya kwanza iandikwe jina, mwaka wa kuhitimu, nafasi, urefu, uzito, wastani wa alama, na simu ya kocha wa shule.

Video za miji midogo huharibiwa na wapinzani dhaifu. Kijana wa kilo 105 akiwaangusha watoto wa kilo 60 klipu 25 mfululizo, kocha hajajifunza chochote. Tangulizeni mechi ya timu ngumu kuliko zote mlizokutana nazo, hata kama mlifungwa. Chagueni klipu zinazoonyesha mwili unavyofanya kazi: anavyokunja magoti badala ya kupinda kiuno, nyonga inavyogeuka, na kama anamfukuza mwenye mpira hadi upande wa pili wa uwanja. Halafu ambatanisheni mechi mbili nzima bila kukata. Kocha akivutiwa atazitaka, na huko ndiko anakoona kijana anafanya nini mpira ukiwa mbali naye.

Kamera iwe juu kabisa ya jukwaa, katikati ya uwanja, na wachezaji wote waonekane kabla mchezo haujaanza. Mzazi anayerekodi kwa simu akimfuata mwanawe peke yake anatoa video isiyofaa kitu.

Sita_kwa_Sita

Nyongeza kwa walio kwenye shule ndogo zinazocheza 6 au 8 kwa upande. Mchezo wa watu 6 ulibuniwa na Stephen Epler huko Hebron, Nebraska, mwaka 1934, na hadi leo umestawi sana vijijini Texas. Uwanja ni yadi 80 kwa 40, timu hutakiwa kusogea yadi 15 badala ya 10 ili iendelee kushika mpira, na kila mchezaji anaruhusiwa kudaka pasi. Timu ikiongoza kwa pointi 45 kuanzia mapumziko, mechi inaishia hapo.

Kwa hiyo takwimu zake zinapotosha pande zote mbili. Nafasi ni nyingi na yadi zinapatikana kirahisi, kwa hiyo kocha wa chuo hashtuki akisikia yadi 2,000. Upande mwingine, kijana bora kwenye timu bora hucheza nusu mechi tu, kisha mchezo unakatishwa. Andikeni robo ngapi alicheza, ili kocha apige hesabu yake mwenyewe.

La pili ni nafasi. Shule ndogo humpanga kijana pale timu inapohitaji mtu, na chuo kinamtaka kwa kazi nyingine kabisa. Usiandike tu nafasi anayochezea sasa. Andika na ile ambayo umbo lake linaahidi. Leighton Vander Esch alitoka Riggins, Idaho, kwenye timu ya watu 8, akicheza kotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) na pia ulinzi. Aliingia Boise State bila ufadhili, akajengwa kuwa lainibeki (mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele), na mwaka 2018 Dallas Cowboys wakamchukua wa 19 katika raundi ya kwanza ya uchaguzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi kuu ya kulipwa.

Mkimbiza_Saa

Kwenye vipimo watu wengi hujiharibia wenyewe. Mbio za yadi 40 zikipimwa kwa saa ya mkononi hutoka haraka kuliko za mashine, kwa sababu mpimaji huchelewa kubonyeza pale mkimbiaji anapoondoka. Kwenye riadha tofauti hiyo huhesabiwa sekunde 0.24. Kila kocha analijua hilo, ndiyo maana namba ya kwenye barua haimsisimui.

Dawa yake ni riadha ya shule, msimu wa masika. Matokeo ya mita 100 na 200 yaliyopimwa kwa mashine huwekwa wazi mtandaoni, na hayabishaniwi. Kwa vijana wazito ni kurusha tufe, maana tufe linaonyesha nguvu za miguu na nyonga. Mieleka nayo inapendwa sana na makocha wa mstari wa mbele, kwa sababu kijana anajifunza kushindana mwili kwa mwili akiwa amejishusha. Mpira wa kikapu unaonyesha kuruka na wepesi wa miguu, kwa hiyo klipu mbili tatu za kudanki ziwekwe mwisho wa video.

Jordy Nelson wa Riley County, Kansas, alikuwa kotabeki wa shule ndogo na bingwa wa riadha wa jimbo. Aliingia Kansas State bila ufadhili na baadaye akawa mdakaji wa Green Bay huko NFL. Anayemshauri mtoto aache michezo mingine ili ajikite kwenye futiboli peke yake anamnyima ushahidi ambao mji mdogo hauwezi kuutoa kwa njia nyingine.

Urefu upimwe bila viatu. Ukiongeza inchi 2, kambini utepe utakuumbua, na kuanzia hapo hata yale ya kweli hayaaminiki tena.

Mwalimu_wa_Magharibi

Ndugu zangu, hapa ndipo vijana wetu wengi wanapopotelea, na mara nyingi hugundulika darasa la 12 muda ukiwa umekwisha.

Kucheza Daraja la Kwanza la NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo, kunahitaji masomo 16 ya msingi: Kiingereza miaka 4, hisabati 3 kuanzia Aljebra 1, sayansi 2, sayansi ya jamii 2, somo 1 zaidi la Kiingereza, hisabati au sayansi, na mengine 4 ya kitaaluma. Wastani wa masomo hayo, kwa kipimo cha 4.0, usishuke chini ya 2.3. Daraja la Pili ni 2.2. Alama za SAT na ACT hazidaiwi tena na NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuzitaka.

Mtego uko kwenye kanuni ya 10 na 7. Kabla ya kuanza darasa la 12, kijana anayelenga Daraja la Kwanza awe amemaliza masomo 10 kati ya yale 16, na 7 yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Alama za hayo 10 zikishafungwa, harudii ili kupandisha wastani. Aliyepata D ya Aljebra darasa la 9 airudie wakati wa kiangazi kabla ya hapo.

Msiamini jina la somo. Kila shule ina orodha ya masomo yaliyokubaliwa na NCAA, na inatazamwa bure kwenye tovuti ya kituo chao cha kuhakiki sifa. Shule ndogo huwa na masomo yasiyomo. Yale ya Kiingereza kwa wageni yaangalieni moja moja, kwa maana mengi ya ngazi za chini hayahesabiwi. Mwaka mzima wa kukaa humo unaweza kuacha pengo la Kiingereza.

Mama_wa_Watatu

Shikamoo mwalimu. Je, aliyesomea kambini Afrika kisha akaingizwa darasa la 10 kwa kufuata umri, la 9 linahesabiwaje?

Mwalimu_wa_Magharibi

Marahaba mama. Linahesabiwa kwa karatasi za huko alikosoma. Wa Kakuma atakuwa na za mtaala wa Kenya, kwa Kiingereza. Wa Nyarugusu, Tanzania, aliyesoma mtaala wa Congo atakuwa na za Kifaransa, na NCAA hutaka nakala ya lugha ya asili pamoja na tafsiri iliyothibitishwa, mstari kwa mstari. Anzeni kuzitafuta mapema, kwa sababu kumpata mkuu wa shule wa zamani kwa simu kunaweza kuchukua miezi.

Jambo la pili ni umri. Watoto wengi wa wakimbizi waliandikiwa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari. Majimbo mengi humzuia aliyefikisha miaka 19 kabla ya tarehe fulani ya mwanzo wa mwaka wa shule, na huhesabu mihula 8 tangu aanze darasa la 9. Mwulizeni mkuu wa michezo wa shule, apige hesabu kwa kalenda ya jimbo lenu kijana akiwa bado darasa la 9 au la 10.

Hesabu_za_Karo

Sasa pesa. Kwa miaka mingi timu za FBS, ngazi ya juu ya Daraja la Kwanza, zilikuwa na ufadhili kamili wa watu 85. Tangu msimu wa 2025, vyuo vilivyojiunga na mpango wa kuwalipa wachezaji moja kwa moja uliotokana na kesi ya House vina ukomo wa wachezaji 105 kikosini badala yake. Linasikika kama jambo jema, ila timu kubwa zilizokuwa na watu 120 au zaidi zililazimika kupunguza, na waliopunguzwa ni wale wasio na ufadhili, yaani njia ileile ya akina Nelson. Ongezeni portali ya uhamisho, ambapo kocha anaweza kumchukua mtu wa miaka 21 aliyekwishacheza chuoni badala ya mtoto wa miaka 18.

Kwa hiyo tazameni ngazi zote. FCS (ngazi ya chini ya Daraja la Kwanza) na Daraja la Pili hugawanya ufadhili vipande vipande, na kwa Daraja la Pili ukomo ni sawa na ufadhili kamili 36 kwa timu nzima. NAIA, chama kingine cha michezo chenye vyuo vidogo zaidi, nao hugawanya. Daraja la Tatu halitoi hela ya michezo kabisa, ila hutoa ya ufaulu wa masomo na ya familia zenye kipato kidogo. Mfano: gharama dola 30,000, ofa ya futiboli 9,000, ufadhili wa masomo 8,000, na ruzuku ya Pell ya serikali kwa kiwango cha juu 7,395. Mnabaki na 5,605. Hapo wastani wa 3.5 darasani umelipa karibu sawa na futiboli yenyewe. Mwenye kadi ya kijani (ukazi wa kudumu) anaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa karo, na ajaze mapema.

Chuo cha miaka miwili nacho ni njia halali. Josh Allen, mtoto wa shamba wa Firebaugh, California, hakupata ofa ya Daraja la Kwanza alipomaliza sekondari. Alikwenda Reedley mwaka mmoja, akawaandikia makocha wengi sana, Wyoming wakamchukua, na mwaka 2018 akachaguliwa wa 7 kuingia NFL. Ila vyuo hivyo vya California havitoi ufadhili wa michezo, tofauti na vile vya Kansas.

Barua_Fupi

Barua pepe aandike kijana mwenyewe. Apelekewe kocha wa nafasi yake na kocha wa eneo lenu, si kocha mkuu peke yake. Kichwa cha barua: mwaka wa kuhitimu, nafasi, urefu, uzito, mji na jimbo. Ndani mistari mitano: kiungo cha video, matokeo ya riadha, wastani wa alama, ratiba ya mechi zijazo, simu ya kocha wa shule. Vyuo 30 hadi 40 vya ngazi mchanganyiko, na aandike tena pale tu kukiwa na jipya. Makocha wa Daraja la Kwanza hawaruhusiwi kumjibu kwa maandishi kabla ya 1 Septemba ya darasa la 11, kwa hiyo ukimya wa darasa la 10 usimvunje moyo. Daraja la Tatu hujibu wakati wowote.

Mjue kutofautisha salamu na nia. Mwaliko wa kambi hutumwa kwa maelfu. Ujumbe wa kocha wa nafasi unaotaja klipu fulani ni nia. Ofa ya mdomo haimfungi mtu, hivyo aulize wazi: "Kocha, nikikubali leo, nafasi ni yangu?" Ile barua ya kitaifa ya kujifunga iliondolewa Oktoba 2024. Kinachosainiwa sasa ni mkataba wa msaada wa fedha, mwanzoni mwa Desemba au kuanzia Jumatano ya kwanza ya Februari. Kabla ya kusaini someni ni miaka mingapi, na kunatokea nini akiumia au kocha akiondoka.

Kuhusu kambi za Juni: badala ya kulipia tano za vyuo vikubwa, chagueni moja au mbili ambazo chuo mwenyeji kinawaalika na makocha wa Daraja la Pili, la Tatu na NAIA wafanye kazi hapo. Piga simu kabla ya kulipa, uliza vyuo gani vimethibitisha, kisha kijana awaandikie makocha hao wiki moja kabla kuwaambia atavaa fulana ya rangi gani na amesajiliwa nafasi ipi.