Bata mdomo wa bluu Momella: ni makoa au ni yule wa kichwa cheupe?

Naa_wa_Usa: Wadau salama? Juzi nilikuwa Hifadhi ya Arusha, kwenye maziwa ya Momella, nikamwona bata-mwitu mdogo mnenemnene, mwili kahawia nyekundu, kichwa cheusi tii, mdomo bluu kabisaa na mkia kausimamisha. Mwongozaji akasema makoa. Nimefika home nikagugo naletewa bata wa kichwa cheupe, nae mdomo bluu nae mkia juu, sasa ndo huyohuyo au?

Tope_la_Ziwa: Dada huyo ni makoa dume. Ni ukoo mmoja kweli, wote jina lao la kisayansi linaanza na Oxyura, ila wa kichwa cheupe huku hafiki, yeye ni wa Hispania, Uturuki, Kazakhstan huko, na Afrika anaishia Algeria na Tunisia. Makoa ndo wetu, Ethiopia Kenya na Tanzania, halafu wengine wako kusini kuanzia Zimbabwe hadi Afrika Kusini. Madume hawasumbui, kichwa tu kinatosha. Kasheshe ni majike, wote kahawia na mstari shavuni, hapo angalia mdomo: wa kichwa cheupe umevimba pale unapoanzia usoni kama kaumwa na nyuki.

babu_darubini: Na wote wamebaki wachache lkn kila mmoja na msala wake. Hispania mwaka 1977 walihesabu wa kichwa cheupe 22 tu nchi nzima!! Wakazuia uwindaji, wakaanza kuongezeka, mara wakatokea binamu zao wa Marekani waliotoroka mabandani Uingereza zamani hizo, wakavuka mpaka Hispania wakawa wanawapanda majike wa watu, vinazaliwa machotara. Waingereza ikabidi waanze kuwapiga risasi hao wageni, maelfu. Makoa hilo hana, yeye kinachommaliza ni maziwa kukauka na kuchafuliwa, na nyavu, maana chakula chake ni vijidudu vya kwenye tope so anazamia mpaka chini, akinasa ndo basi.

Naa_wa_Usa: Duh. Sasa pembeni yake kulikuwa na mwingine kahawia tupu nikajua kinda

Tope_la_Ziwa: Shavuni ana mistari miwili myeupe, mmoja chini ya jicho? Basi huenda ni jike. Na hao majike wajanja, wanatagaga hadi kwenye viota vya wenzao. Tupia picha

Naa_wa_Usa: Picha ninayo ila kila nikibonyeza ameshazamia, nina picha nne za maji 😂