Je, ni haki kuvua trauti palipo na samoni wanaotaga?

Mshipi Mrefu: Ndugu zangu, naomba ushauri. Ninaishi Alaska, na mwezi Septemba nakusudia kwenda Mto Kenai kuvua trauti, ambao wakati huo hukaa nyuma ya samoni wekundu wakila mayai yanayochukuliwa na maji. Wavuvi wa huku hutumia shanga ndogo yenye rangi ya yai kama chambo bandia, na wengi humrudisha trauti mtoni. Kinachonisumbua ni kwamba samoni hao wamepanda kutoka baharini bila kula, watataga msimu huu tu, kisha watakufa. Je, ni haki kupitisha ndoano kati yao kwa burudani yangu?

Mzee wa Gura: Mwanangu, trauti hadhulumu mtu. Mayai mengi anayookota ni yale yaliyokosa kufukiwa, au yaliyofukuliwa na jike mwingine aliyechimba palepale, na hayo yasingeishi. Mimi nahofia miguu yako kuliko ndoano yako. Jike huchimba kiota kwa mkia, na changarawe iliyogeuzwa hung'aa kuliko sehemu nyingine za mto. Ukikanyaga hapo, unaponda mayai usiyoyaona. Utafiti wa Montana uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba kukanyaga viota vya trauti mara mbili kila siku, tangu kutagwa hadi vifaranga kutoka, kuliua hadi asilimia 96 ya mayai na vifaranga.

Binti Ziwa: Shikamoo mzee. Nakubali kuhusu miguu, ila ndoano nayo tusiidharau. Samoni akinaswa ubavuni hupigana kwa nguvu alizozibakiza kwa ajili ya kutaga. Sheria ya Alaska inaamuru samaki aliyenaswa kwingine kuliko mdomoni, katika maji yasiyo ya chumvi, aachiwe mara moja, lakini nguvu alizokwisha kupoteza hazirudi. Kaka, kama wamejazana kiasi kwamba mshipi haupiti bila kuwagusa, tafuta mahali pengine.

Mshipi Mrefu: Asanteni sana. Je, samoni wakishakufa wote, naweza kuingia majini?

Mzee wa Gura: Hapana, si juu ya viota. Mayai hubaki chini ya changarawe majira yote ya baridi, na mvuvi asiyeona samoni hujiona yuko huru kutembea popote.

Mshipi Mrefu: Basi nitasimama ukingoni, upande wa chini wa viota, na mahali samoni walipobanana nitapaacha.