Tupeane uzoefu: kodi ya miezi sita Dar imekutesaje?

Mleta mada: Jana nimemsindikiza mdogo wangu Tabata kutafuta chumba na sebule. Dalali katuzungusha nyumba nne, elfu kumi ya kuoneshwa kaishika kabla hata hatujapanda bodaboda. Kilichopatikana ni laki na nusu kwa mwezi, miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa dalali. Milioni moja na hamsini! Dogo analipwa laki nne. Wenzangu mliwezaje?

Ndala Moja: Hatukuweza. Tulikopa.

Mzigo wa Kirikuu: Umenitonesha. Kimara, 2019. Nyumba niliiona kwenye tangazo: vigae, dari ya jipsamu, choo cha ndani. Nafika, jamaa ananifungulia kavaa bukta, mswaki mdomoni. Mtu mwenye mswaki mdomoni utamuulizaje kama nyumba ni yake? Mkataba tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari, nikamhesabia laki tisa mkononi, akanipa ufunguo. Jumamosi nafika na vyombo kwenye kirikuu, kale kagari ka mizigo, nakuta nyingine mbili getini. Mama mtu mzima akatoka na kanga yake: "Wanangu, mnahamia kwa nani?" Mwenye mswaki alikuwa mpangaji, kodi yake imeisha wiki ile. Na ufunguo ulikuwa unaingia! Wote watatu tulijaribu, unaingia. Vitu vililala kwa fundi seremala siku nne. Mke wangu, mimba ya miezi saba, alikaa juu ya godoro lenye nailoni anakula embe, hakuniambia neno mpaka usiku.

Shangazi wa Buza: Hilo embe jamani 😭

Nyumba Tatu: Poleni, ila mnatusema sana wenye nyumba. Mpangaji wa mwezi mwezi anakutoroka usiku na deni la maji. Miezi sita ndiyo inayonunua saruji.

Ndala Moja: Saruji yako, sisi inatuhusu nini? Hata kodi ya jengo ya serikali tunakatwa sisi tukinunua umeme wa LUKU tangu 2021, na nyumba ni yako.

Nyumba Tatu: Elfu moja na mia tano kwa mwezi ndiyo inakutoa povu? Mdai mwenye nyumba wako akurudishie, sheria inaruhusu.

Ndala Moja: Nikimdai atanipandishia pango. Sheria ya kudhibiti pango ilifutwa 2005, nitamshitaki kwa lipi?

Shangazi wa Buza: Kabla ya kulipa pitia kwa mjumbe, anazijua nyumba zote.

Mzigo wa Kirikuu: Mjumbe ndiye aliyenipokea getini siku ya kwanza akaniambia "karibu mtaani".

Pagale Chanika: Nunueni kiwanja nje ya mji mhamie hivyo hivyo. Mimi mwaka wa tatu, madirisha ni turubai, sidaiwi na mtu.

Ndala Moja: Na nauli ya kwenda Kariakoo kila siku?

Pagale Chanika: Hapo usiniguse.

Nyumba Tatu: Mleta mada, chumba hicho cha Tabata kina submita yake, mita ndogo ya umeme?

Mleta mada: Hapana, LUKU wanachangia watano. Dogo kashalipa lakini, nimechelewa kuwasoma.