Kutafuta nyoka jangwani Arizona, sheria ikoje?

Mgeni_wa_Jangwa: Wakuu, mwezi wa saba nitakuwa Tucson. Nataka kuona nyoka wa porini, na ikiwezekana nimchukue mmoja asiye na sumu nikamfuge. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Lami: Mchana usijisumbue. Jua la mwezi huo linaua hata nyoka, wengi wako mashimoni. Subiri jua lizame, tafuta barabara ya lami isiyo na magari mengi, uendeshe gari kwa mwendo wa baiskeli. Ukiona kama kamba, simama ukaangalie. Mara nyingi huwa ni kamba kweli! Paki nje kabisa ya barabara. Usiku mzuri ni ule unaofuata mvua. Mbalamwezi ikiwaka mimi naona nyoka hujificha, kwa hiyo hulala zangu, wenzangu hunicheka.

Asubuhi pitia michanga ya upande wa magharibi. Kuna mdogo mwenye kayamba mkiani, Crotalus cerastes, anayekwenda kiubavu. Huacha mistari ya mshazari, kila mmoja una kindoano mwishoni kama herufi J. Ifuate taratibu. Utamkuta kajizika kichakani, umebaki uso tu na vile vipembe juu ya macho. Mkono usiupeleke huko.

Kuangalia na kupiga picha, ruksa. Kukamata kunataka leseni ya uwindaji ya jimbo, hata kama nyoka hana sumu, na idadi ina kikomo. Soma kanuni za mwaka huo, maana hubadilika. Crotalus willardi, nyoka mwingine wa kayamba na mtambaazi rasmi wa jimbo tangu 1986, haguswi. Na ndani ya hifadhi ya taifa ya Saguaro leseni yako haina kazi: huchukui nyoka wala gamba alilojivua.

Mgeni_wa_Jangwa: Asante mzee. Nikivuka hadi Texas, leseni ni hiyo hiyo?

Mzee_wa_Lami: Wapi! Texas wana leseni yao, na juu yake stempu ya watambaazi. Ukitafuta kando ya barabara ya umma unavaa kizibao cha kung'aa. Mimi hukivaa hata Arizona, madereva wa usiku siwaamini.

Tochi_Mbili: Nyongeza kuhusu kufuga, kwa Arizona. Ukishamchoka huruhusiwi kumrudisha porini kienyeji, anaweza kuwapelekea wenzake magonjwa ya kizimbani. Kumuuza nako marufuku. Na wengine huishi miaka zaidi ya 15, kwa hiyo piga hesabu kabla hujafungua mfuko wa kumbebea.