Naomba ushauri: unyevu umezidi kwenye sanduku la siga

Wadau, salamu. Niko Entebbe, karibu na ziwa, na msimu huu wa mvua unyevu umenishinda. Siga zangu za Kuba ziko kwenye sanduku la mwerezi. Kipima unyevu kinasoma asilimia 76 ilhali sponji ya kuongeza unyevu nimeshaitoa. Kipimo chenyewe nimekihakiki kwa chumvi iliyoloweshwa, ndani ya mfuko uliofungwa: kikasoma 75, namba ileile ambayo chumvi hiyo hutoa, kwa hiyo kiko sawasawa. Kifuniko nikikiacha wazi ndiyo kabisa, namba inapanda. Mbili zina utandu mweupe kwenye jani la nje. Rafiki anasema ni mafuta ya tumbaku; mimi naona ukungu.

Je, nihamie chombo cha plastiki kisichopitisha hewa pamoja na pakiti za kudhibiti unyevu ubaki asilimia 65, au mwerezi unakaushika? Na hizo mbili, nizifute au nizitupe?