Nimeuziwa injini "mpya" ya ndege ya rimoti, inazima angani, muuzaji anasingizia mlima!

Wakuu, nina hasira hata chai haishuki.

Miezi miwili iliyopita niliagiza injini ya ndege ya modeli, saizi 46 (cc 7.5), ile ya methanoli, kwa muuzaji mmoja wa Dar. Laki tatu na nusu, nauli ya basi juu yangu. "Haijawahi kuguswa bosi, boksi la kiwandani."

Wanaozijua hizi wanaelewa: ikiwa mpya na ya baridi, ukizungusha propela kwa mkono, pistoni ikikaribia juu inabana mpaka unadhani imekwama. Silinda imebanwa kidogo juu makusudi, ikipata moto inatanuka, inakaa sawa. Yangu ilizunguka laini kama pampu ya baiskeli yenye washa iliyoisha. Nilipaswa kushtuka palepale. Nikajipa moyo.

Nikaizoesha kistaarabu, matangi manne ikiwa chini, sindano ya kabureta nimeilegeza mafuta yaingie mengi, mafuta ya nyonyo yananirukia mpaka kwenye viatu. Siku ya kuruka, dakika tatu za kwanza safi, ya nne mlio ukalegea, ikazima juu ya shamba la mahindi la watu. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha mpira wa mafuta. Nikafungua galoni jipya, maana methanoli inanyonya unyevu. Wapi! Ikipoa inawaka kwa mkono mmoja, ikipata moto inakufa. Mara ya tatu bawa la kushoto limebaki njiti za balsa, ule mti mwepesi. Wiki sita za gundi na msasa, jamani.

Jumamosi nikaifungua. Mafuta ndani yanametameta kama yamechanganywa na poda ya kumetameta ya harusini, kumbe ni nikeli iliyopakwa ndani ya silinda imebanduka! Nimeigusa kwa ukucha ikatoka ganda, shaba ya njano ikaonekana chini. Ndiyo maana ikipata moto kompresheni (ule mbano wa pistoni) inakimbia. Halafu skrubu mbili za kifuniko cha nyuma zimechubuka vichwa. Kwangu ndiyo kwanza inafunguliwa. Nani alizichubua?

Nampigia, ananiambia: "Kaka, Arusha juu sana, hewa nyembamba ndiyo imeiunguza."

Ebo! Tuko mita 1,400 hivi. Hewa ikipungua, mafuta ndiyo yanazidi kwenye mchanganyiko, injini inakabwa, inatoa moshi na kuvuta kivivu. Nguvu inapungua zaidi ya asilimia 10, hilo sikatai. Lakini injini hizi zinaungua mafuta yakiwa haba, na mimi mkia wa moshi nilikuwa nauona mpaka mwisho wa uwanja. Muuza injini hajui hilo, au anadhani sisi wa huku tunafuga mbuzi tu?

Nikamtumia picha za skrubu. Tiki mbili za bluu, kisha kimya, sasa kanibloku.

Mwenye pistoni na silinda yake ya saizi hiyo aje PM, beringi zangu bado nzima. Na nyie wa "hamia umeme mkuu", leo nipisheni.