Breki ya mbele ya pikipiki CB750 inajibana baada ya kubadili ripea kiti (seti ya vipuri vya ukarabati) ya masta

Kijana wa Ipagala: Wakuu, shikamooni wakubwa. Nina Honda CB750 ya 1972, kaniachia marehemu baba mdogo. Ilikaa stoo miaka, oili ya breki ikageuka uji wa ulezi. Nimebadili pistoni, springi, raba na klipu ya masta silinda ya mbele, ile pampu ya oili kwenye leva ya breki. Siku ya kwanza nilizunguka mtaani tu, safi. Juzi naenda Mtumba, kila nikisogea breki inajibana yenyewe, disiki ya moto huwezi kugusa. Ikipoa, inaachia. Kalipa, kile kibanio cha pedi kwenye disiki, nimefungua, pistoni yake inateleza vizuri. Nimekosea wapi?

Spana Kumi: Kiti feki hiyo. Mwaga oili yote, weka ya gia. Bodaboda yangu mwaka wa pili huu.

Babu Karakana: Spana, utamuua mtoto wa watu. Oili ya gia huvimbisha raba za breki. Weka oili ya breki ya DOT 3 au DOT 4, chupa mpya. DOT 5 ni silikoni, usichanganye nazo.

Mzee wa Vumbi: Raba uliigeuza?

Babu Karakana: Ingegeuka isingeshika hata siku ya kwanza. Kijana, chungulia chini ya kikopo cha oili: kuna tundu kubwa, na pembeni yake jingine dogo kama ncha ya sindano. Oili ikipata moto inatanuka, inarudi kikoponi kwa hilo dogo. Likiziba inabaki inasukuma pedi. Fungua kifuniko, vuta leva taratibu: oili iruke kidogo. Isiporuka, tundu limeziba, au leva haiachii pistoni irudi mwisho. Leva ni yake?

Kijana wa Ipagala: Ni yake, na ina mchezo kidogo. Oili hairuki kabisa.

Babu Karakana: Kama ina mchezo, leva inaachia pistoni; basi ni tundu. Toa pistoni, zibua kwa uzi mmoja wa waya wa klachi. Usitoboe kwa drili, utachana raba. Osha kwa oili ya breki, petroli hapana. Washa (ringi) za shaba za paipu ya breki weka mpya. Na funika tangi! La kwangu lilibabuka rangi kwa tone moja, mpaka leo mama watoto ananicheka.

Kijana wa Ipagala: Babu, marahaba yako naidai! Kimetoka kipande kigumu cha ule uji. Kutoa upepo kwenye oili ya breki kumenichukua jioni nzima, leva nikaifunga kwa mpira usiku kucha. Leo Mtumba kwenda na kurudi, disiki vuguvugu tu. Spana, angalia raba zako.

Spana Kumi: Nimeshazifungua. Zimevimba.